Pipa la Kumi na Saba

Mapipa kumi na sita yana majina.
Nimeyapitia moja moja kwa kalamu ya risasi
asubuhi hii ya Juni, hapa Geelong, baridi ikiuma vidole,
feni ya ghala ikikoroma kama mlevi.
Kila pipa na namba yake, kila namba na ukurasa wake:
kilo ngapi zimeingia, ngapi tumechanganya wenyewe,
nani atashika, nani atavuta pumzi karibu yake.

La kumi na saba limeandikwa: Kigumishi Kipya. Siri ya biashara.

Siri!
Tuliagiza kile kile cha zamani.
Nimemwandikia muuzaji mara nne.
Ya kwanza alinijibu kwa salamu.
Ya pili, kwa kalenda yenye picha za maua.
Ya tatu alisema, Mama, wateja wengine hawaulizi.
Ya nne bado iko njiani, au haiko.

Sheria ya nchi hii haina haraka wala haya:
inataka kujua kitu kinaitwaje.
Si jina la sokoni, lile linalong'aa kwenye lebo,
bali jina la ndani, refu kama treni ya mizigo,
lenye tarakimu na vistari katikati,
ambalo ulimi hulipanda kwa magoti.

Baba amekuja na kofia yake ya sufu.
Blagoja Stojcevski, aliyeanzisha karakana hii
kwa mapipa mawili na toroli la kuazima,
aliyepima vanishi kwa pua:
akinusa, akitikisa kichwa, akiongeza kikombe.
"Ilinka," anasema, "sakafu ya ukumbi wa shule inangoja.
Ijumaa watoto wanataka kucheza mpira wa kikapu.
Wewe unangoja karatasi."

Nangoja karatasi, Baba.

"Enzi zangu tulifungua tu."
Anakohoa. Kikohozi hiki nakijua tangu utotoni:
kilitangulia funguo mlangoni,
kikatuambia chakula kipashwe moto.

Sijibu. Fomu kwenye skrini ndiyo inayouliza.
Je, kemikali hii imo katika orodha?
Sijui.
Itatumika vipi, kwa kiasi gani?
Hilo najua.
Una ushahidi?
Nina kalenda yenye maua.

Mzee anavuta kiti.
Analitazama pipa muda mrefu, kama mgeni
aliyeketi mahali pa marehemu.
"Kosta," anasema.
Nani?
"Alikuwa akichanganya kigumishi, miaka ile. Mikono yake
ilianza kwa kuwasha tu. Tukampa mafuta ya mgando.
Baadaye akawa hawezi kufunga vifungo vya shati.
Nilimfungia mimi, pale, karibu na sinki.
Daktari akauliza: ulishika nini?
Sote tukatazamana.
Hatukuwa na jina la kumpa."

Feni inakoroma.
Nje lori linarudi kinyumenyume, likilia.

Nabandika utepe wa njano kwenye pipa.
Nampigia mwalimu mkuu: sakafu itachelewa.
Ananuna, ana haki.
Nampigia wakala wa forodha: linarudi lilikotoka,
gharama juu yetu, ndiyo, nimesikia, juu yetu.
Hiyo ni faida ya miezi miwili. Nimepiga hesabu mara tatu
na mara zote imetoka vilevile.

Jioni najaza tamko.
Kumi na sita, majina kumi na sita.
Na hilo jingine naliandika pia, silifichi:
liliingia, halikufunguliwa.
Kilo zilizotumika: sifuri.
Hata sifuri huandikwa, ikatiwa sahihi.

Baba amesimama nyuma yangu, anasoma kwa kidole,
silabi kwa silabi, jina la pipa la tatu,
la nne, la tano.
Kwenye la sita anakosea.
Anarudi mwanzo.